Unity, Godot au Defold? Ulinganisho kwa anayetengeneza gemu za simu kwa kujifurahisha

Injini za gemu, yaani programu za kutengenezea gemu, nazipima kwa swali moja: nikibadilisha namba moja kwenye kompyuta, tuseme nguvu ya mhusika kuruka, itachukua muda gani hadi niihisi kwenye kidole gumba, simu ikiwa mkononi? Mengine yote, picha za kuvutia, wingi wa majukwaa, majina ya gemu kubwa zilizotoka kwenye injini fulani, huwa nayaweka nyuma ya swali hilo. Anayefanya mambo haya kwa kujifurahisha ana saa moja au mbili za jioni, tena si kila siku. Injini ikimla nusu ya muda huo akisubiri, ataishia kucheza gemu za wenzake na yake haitaisha.

Kwa hiyo sizungumzi na mwenye studio. Nazungumza na mtu mmoja mwenye kompyuta ya kawaida na simu, anayejua kuprogramu kidogo au aliye tayari kujifunza, anayetaka gemu ndogo iingie simuni na, mambo yakienda vizuri, watu wengine waicheze. Unity, Godot na Defold nimezitumia zote kwa kazi hiyo. Nyingine, kama GameMaker, LÖVE na PICO-8, nitazigusia panapostahili.

Kabla hujaandika hata mstari mmoja

Godot unaipakua kama zip isiyofika megabaiti 200, unaifungua, unabofya, umeingia. Haina usakinishaji wala akaunti. Wengi huipenda hapo hapo. Utamu hupungua siku unapotaka kutoa APK, faili la kusakinisha gemu kwenye Android, kwa sababu inakubidi uweke OpenJDK na Android SDK, zana za kujengea programu za Android, uionyeshe Godot zilipo, kisha upakue violezo vya kutolea gemu, ambavyo ni vizito kuliko injini yenyewe. Si kazi ngumu, lakini itakula jioni nzima, na ujumbe wa kosa unaotokea ukisahau folda moja hausemi umesahau ipi.

Unity ina tabia tofauti. Unaanza na Unity Hub, unafungua akaunti, unachagua toleo, unatia tiki kwenye moduli ya Android, na Hub yenyewe inaleta SDK, NDK na OpenJDK. Hakuna cha kutafuta. Gharama yake ni gigabaiti kadhaa za diski kabla ya mradi wowote, halafu kila mradi una folda ya Library inayonenepa kila unapoleta picha na sauti. Kwenye kompyuta yenye diski ya zamani ya kuzunguka, kufungua mradi tu kunatosha kukukatisha tamaa. Ukiwa na SSD na RAM ya gigabaiti 16, malalamiko haya mengi yanapungua.

Defold ndiyo iliyonishangaza. Nayo ni zip moja, lakini haihitaji Android SDK kabisa. Unachagua Bundle, unachagua Android, APK inatoka. Ukitaka kuongeza kiendelezi cha asili, yaani nyongeza inayozungumza na mfumo wa simu moja kwa moja, mathalani cha matangazo, ujenzi wake unafanyika kwenye seva zao na unarudishiwa matokeo, kwa hiyo intaneti inahitajika hapo. Anayechukia kuandaa mazingira ya kazi kuliko kazi yenyewe, na tuko wengi, atajisikia nyumbani.

Kutoka kibodini hadi kidoleni

Hapa ndipo kiini cha ulinganisho kilipo.

Unity kwa Android ina njia mbili za kugeuza C# yako kuwa kitu simu inachokielewa: Mono na IL2CPP. Mono ni ya haraka kujenga, lakini kwenye Android inatoa programu za biti 32 peke yake. IL2CPP hugeuza kila kitu kuwa C++ kwanza, kisha ndiyo iunde programu, na ndiyo njia pekee ya kupata biti 64. Google Play inadai biti 64 tangu Agosti 2019, na simu za karibuni, kuanzia Pixel 7 kwa mfano, haziendeshi tena programu za biti 32. Maana yake ni kwamba, ukiwa na simu mpya, huna jinsi ya kukwepa IL2CPP hata kwa jaribio dogo. Ujenzi wa kwanza ni mrefu. Inayofuata ni mifupi, lakini si mifupi kiasi cha kukufanya ujaribu namba tano tofauti za kuruka kabla ya kulala.

Unity inajua tatizo hili, ndiyo maana kuna Unity Remote: gemu inaendeshwa kwenye kompyuta, picha inatumwa simuni, miguso yako inarudi kompyutani. Inafaa kuona kama kitufe kimekaa mahali kidole kinapofika. Kwa kuhisi gemu haifai, kwa sababu picha inafika ikiwa imefifia na imechelewa, na mchezo wa kuruka uliochelewa hata kidogo ni mchezo mwingine kabisa.

Kwenye Godot, ukiunganisha simu kwa waya wa USB na kuwasha utatuzi wa USB kwenye mipangilio ya wasanidi programu, alama ya Android hujitokeza pembeni juu kulia. Unaibofya, gemu inasafirishwa, inasakinishwa, inafunguka. Kwa gemu ndogo ya 2D unangoja kwa sekunde tu. Lakini utamu wenyewe hauko hapo. Kiolezo cha mhusika wa 2D kinachokuja na Godot kina mstari huu:

`const JUMP_VELOCITY = -400.0`

Ina alama ya kutoa kwa sababu kwenye 2D ya Godot mhimili wa Y unashuka chini, hivyo kwenda juu ni hasi. Ugeuze mstari huo uwe `@export var jump_velocity := -400.0` na urekebishe jina pale linapotumika. Sasa iendeshe gemu simuni, rudi kompyutani, fungua kichupo cha Remote kwenye mti wa nodi (orodha ya vitu vilivyomo kwenye gemu), mchague mhusika. Namba yako iko pale. Andika -460, gusa simu: karuka juu zaidi, bila kuzima wala kuwasha kitu. Andika -430. Hapo hapo. Mikono miwili, mmoja kibodini, mwingine kwenye simu, na baada ya dakika chache unajua namba unayoitaka kwa sababu kidole kimekwambia. Angalia usisahau kuiandika namba hiyo kwenye mradi, maana mabadiliko ya upande wa Remote hayahifadhiwi.

Defold inakwenda mbele hatua moja. Simu ikiwa kwenye Wi-Fi moja na kompyuta, na gemu ya majaribio ikiwa wazi, inatokea kwenye orodha ya Targets ndani ya mhariri. Unabadilisha skripti yenyewe, unabonyeza Ctrl+R, na msimbo mpya unaingia simuni gemu ikiendelea. Si namba tu, hata utendaji wote wa adui unaweza kuuandika upya huku adui akikufukuza. Kuna jambo moja la kujua: upakiaji huu haurudii kazi ya `init`, kwa hiyo thamani zilizowekwa pale zinabaki za zamani mpaka uandike `on_reload` ya kuzisasisha. Wageni wa Defold hudhani upakiaji umegoma, kumbe umefanya kazi yake.

Kwa kipimo changu basi, Defold inaongoza, Godot iko nyuma yake kwa pua, Unity inafuata kwa mbali. Ningekuwa natengeneza gemu ya 3D ya kiasi, mpangilio huo ungebadilika, maana Unity ina URP, mfumo wake wa kuchora picha, iliyokomaa na zana za kupimia kila fremu ambazo hao wawili hawajafikia. Kama ndoto yako ni 3D inayopendeza kwenye simu, chukua Unity na uvumilie kungoja. Genshin Impact na Pokémon GO zimetoka humo. Injini si ya mzaha.

Lugha, kwa kifupi

Unity ni C#. Ni lugha kubwa, inatumika hata nje ya gemu, na makosa mengi hukamatwa kabla hujaendesha kitu. Godot ina GDScript, inayofanana na Python kwa kutumia nafasi za mwanzo wa mstari, na inakubali C# pia, ingawa upande wa simu C# ya Godot 4 iliingia kwa majaribio na kwa kivinjari bado haitoki. Ukichagua Godot, jifunze GDScript, usihangaike. Defold ni Lua, lugha ndogo ambayo jioni mbili zinatosha kuisoma yote. Jedwali zake huanza kuhesabu na 1, na wanaotoka lugha nyingine hujikwaa hapo wiki nzima. Kilicho kigumu kwenye Defold si Lua bali mfumo wa ujumbe: vitu haviitani moja kwa moja, vinatumiana ujumbe kwa anwani, kama `msg.post("#sprite", "play_animation", ...)`. Mwanzoni unaona urasimu. Gemu ikikua, unashukuru.

Fremu, kumbukumbu na joto

Watu hubishana kwamba injini fulani ni nzito na nyingine ni nyepesi, na mara nyingi wanazungumzia mpangilio mmoja ambao hawakuugusa. Unity kwenye simu, usipoiambia kitu, huendesha gemu kwa fremu 30 kwa sekunde ili kulinda betri. Mgeni anaona gemu yake inasuasua, anailaani injini. Dawa ni mstari mmoja, `Application.targetFrameRate = 60;`. Kumbuka tu kwamba ukiomba 60 una milisekunde 16.7 za kukamilisha kila fremu, fizikia, picha, sauti na yote. Kwenye 30 ulikuwa na 33.3.

Godot ina kisa kinachokaribia kuwa kinyume chake. Inafuata kasi ya kioo, na simu nyingi siku hizi zina vioo vya 90 au 120 Hz, wakati fizikia ya Godot inakwenda mara 60 kwa sekunde. Matokeo yake, mhusika anatetemeka kidogo sana anapokimbia, kitu ambacho huwezi kukionyesha kwa kidole lakini macho yanachoka. Tiba ni kuwasha ulainishaji wa fizikia, uliokuja kwa 2D kwenye toleo 4.3 na kwa 3D kwenye 4.4. Anayetumia toleo la zamani zaidi anateseka bure.

Halafu kuna uchaguzi wa mchoraji, sehemu ya injini inayochora picha kiooni kupitia kadi ya picha. Godot 4 inakupa Mobile, inayotegemea Vulkan, na Compatibility, inayotegemea OpenGL ES 3.0. Kwa gemu ya 2D ya kujifurahisha, chagua Compatibility bila kufikiri mara mbili. Simu za bei ya chini zenye madereva (programu za kuendeshea kadi ya picha) mabovu ya Vulkan bado ni nyingi mikononi mwa watu, na gemu yenye kioo cheusi haina mchezaji.

Kumbukumbu nayo hudanganya. Picha ya PNG inaweza kuwa na uzito wa kilobaiti mia chache kwenye diski, lakini ikishaingia kwenye kadi ya picha inafunuliwa yote. Pikseli 2048 kwa 2048, baiti nne kila moja: megabaiti 16 kwa picha moja. Weka picha kumi za mandhari na simu yenye RAM ndogo itaifunga gemu yako bila hata kuaga. Umbizo la ASTC, la kubana picha, linapunguza picha hiyo hiyo hadi megabaiti 4 kwa vipande vya 4×4, na chini ya 2 kwa vipande vya 6×6. Unity inafanya vizuri hapa: unachagua kwa kila picha na kwa kila jukwaa, na inakuonyesha ukubwa halisi chini ya picha. Godot kwa 2D huacha picha bila kubanwa kwenye kadi ya picha hadi wewe useme vinginevyo, na lazima uwashe ETC2/ASTC kwenye mipangilio ya mradi. Defold inatumia faili la wasifu wa picha: unaweka kanuni mara moja, folda fulani zibanwe hivi, nyingine vile, na unasahau. Mimi napendelea hiyo ya Defold kwa sababu ni mvivu wa kubofya.

Joto ni jambo ambalo hakuna kompyuta itakayokuonyesha. Simu ikipata moto inajipunguzia kasi yenyewe, hivyo gemu iliyokimbia vizuri dakika ya kwanza inaanza kukwama dakika ya kumi na tano. Kama gemu yako ni ya bao, karata au maneno, haina sababu ya kuchora kioo mara 60 kila sekunde wakati mchezaji anafikiri. Godot ina hali ya matumizi madogo ya prosesa inayochora upya pale tu kitu kinapobadilika, na Unity ina `OnDemandRendering` ya kuruka fremu. Betri ya mchezaji itakushukuru, na mkono wake pia.

Upande wa kioo chenyewe, Godot inanipa raha kuliko zote. 2D yake imetengenezwa kuwa 2D, vipimo ni pikseli, na ukiweka unyooshaji wa `canvas_items` na uwiano wa `expand`, gemu moja inatanda sawasawa kwenye simu ndefu ya 20:9 na kwenye tableti iliyokaribia mraba. Unity 2D ni 3D iliyotazamwa kutoka mbele, pikseli 100 kuwa kizio kimoja kwa kawaida, na kila mara unajikuta unapiga hesabu ya ukubwa wa kamera. Kwa ajili ya kioo chenye tundu la kamera, zote mbili zinakupa eneo salama: `Screen.safeArea` kwenye Unity, `DisplayServer.get_display_safe_area()` kwenye Godot. Litumie. Alama za mchezaji zikifichwa chini ya tundu, hakuna atakayeamini kwamba gemu imekamilika.

Pesa, masharti na imani

Septemba 2023 Unity ilitangaza ada itakayotozwa kwa kila usakinishaji wa gemu ikishavuka kiwango fulani. Watengenezaji walicharuka. Mkuu wake, John Riccitiello, aliondoka Oktoba mwaka huo huo, na Septemba 2024 ada hiyo ikafutwa kabisa kwa gemu. Leo toleo la Personal ni la bure mpaka mapato na ufadhili wako vifike dola 200,000 kwa mwaka, na kuanzia Unity 6 hulazimiki tena kuonyesha nembo yao gemu inapofunguka.

Godot, iliyoanzishwa na Juan Linietsky na Ariel Manzur kutoka Argentina na kuwekwa wazi 2014, ina leseni ya MIT. Hakuna ada, hakuna kiwango, na hata wenyewe wakibadili mawazo kesho, nakala uliyonayo ni yako. Defold ilikuwa ya King, wale wa Candy Crush, wakaitoa bure 2016, na 2020 ikakabidhiwa taasisi yake yenyewe pamoja na msimbo wake. Masharti yake makubwa ni kwamba usiuze injini yenyewe. GameMaker tangu Novemba 2023 ni bure kwa asiyeuza, na anayeuza nje ya konso hulipa mara moja tu. Undertale ya Toby Fox ilitengenezwa nayo, kwa hiyo usidanganywe na wanaoiita ya watoto.

Maoni yangu: kwa mtu wa kujifurahisha, dola 200,000 ni mpaka ambao angefurahi sana kuufikia, na hofu ya ada isimfanye aikimbie Unity kama inamfaa kwa sababu nyingine. Walio na cha kupoteza wana hesabu tofauti. Mega Crit waliihamisha Slay the Spire 2 kutoka Unity kwenda Godot, na kuhamisha gemu iliyokwishaanza si mchezo.

Pale Unity inapowashinda wenzake waziwazi ni kwenye biashara: matangazo, ununuzi ndani ya gemu na takwimu ni vyake mwenyewe na vina nyaraka. Defold ina viendelezi rasmi vya AdMob (matangazo ya Google) na ununuzi. Godot inategemea zaidi programu-jalizi za jamii, ambazo ni nzuri hadi Google ibadilishe kitu na mtunzaji wake awe likizoni.

Vifaa: ujaribie wapi, uchezee wapi

Jaribia kwenye simu mbovu. Simu yako nzuri ya kila siku itakudanganya kwa upole, maana kila kitu kinakwenda vizuri humo. Tafuta simu ya Android ya miaka kadhaa nyuma, RAM gigabaiti 3, kioo cha 60 Hz, ikiwezekana yenye kadi ya picha ya familia tofauti na ile ya simu yako kuu. Kama hiyo ni Adreno, ya majaribio iwe Mali. Makosa ya uchoraji hupenda kujitokeza upande mmoja tu. Emuleta ya kompyuta inasaidia kuona vioo vya ukubwa tofauti, lakini haipati joto, haina kidole, na hutumia kadi ya picha ya kompyuta yako.

Kidole kina ukubwa wake. Apple inashauri vitufe visiwe chini ya pointi 44 na Google inasema 48 dp, na hizo ni za kugusa kwa utulivu. Kwa kitufe cha kuruka, ambacho mchezaji anakibonyeza bila kukitazama, mimi hugeuza nusu nzima ya kulia ya kioo kuwa kitufe. Injini zote tatu zinasoma pedi za kuchezea za Bluetooth vizuri. Ziunge mkono kama nyongeza, lakini usibuni gemu inayozihitaji, kwa sababu mchezaji wa simu yuko kwenye foleni mahali fulani na mkono mmoja umeshika mfuko.

Godot ina mhariri wake wa Android pia, injini nzima ndani ya simu. Hapo umbali kati ya namba na kidole ni sifuri. Kwa kurekebisha kitu kidogo ukiwa safarini ni starehe. Kwa kuandika skripti ndefu bila kibodi ya Bluetooth ni adhabu. Kwenye tableti mambo yanakuwa ya kuvumilika.

Na kama kinachokushinda si injini bali ni kumaliza, basi toka kwenye simu kwa muda. PICO-8 inakupa kioo cha pikseli 128 kwa 128, rangi 16 na kikomo cha tokeni 8,192 za msimbo. Ndani ya kikomo hicho huwezi kuota ramani ya dunia nzima. Celeste ilianza humo 2015 kama gemu ndogo ya siku chache kabla haijawa ile kubwa. Playdate ya Panic, kile kifaa kidogo cha gemu cha manjano kilichotoka 2022 chenye mkono wa kuzungusha ubavuni, kina kioo cha 400 kwa 240 chenye nyeusi na nyeupe, kijivu hakuna. Zana zake za kuprogramu kwa Lua au C ni za bure na zina kiigizaji, hivyo unaweza kuonja bila kukinunua. Anayependa kuandika kila kitu mwenyewe, bila mhariri wa kuburuta vitu, ana LÖVE, nayo ya Lua. Balatro, iliyotawala 2024 na kufika kwenye simu Septemba mwaka huo, imeandikwa kwayo.

Kuifikisha kwa wengine

Hapa injini haina msaada mkubwa, masharti ni ya wenye maduka. Google Play ni dola 25 mara moja. Akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya 13 Novemba 2023 zinatakiwa kwanza kupata wajaribu 12 watakaobaki kwenye jaribio siku 14 mfululizo. Awali walitaka 20, wakapunguza Desemba 2024. Waanze kutafutwa gemu ikiwa nusu, si ikiisha. Apple ni dola 99 kila mwaka, na uchague injini yoyote, mwisho wa safari utahitaji Mac ya kuitia gemu sahihi ya kidijitali. Ukiwa na Mac lakini bila kulipa, unaweza kuiweka gemu kwenye iPhone yako mwenyewe, ila baada ya siku 7 inakataa kufunguka hadi uisakinishe upya. Mwenye iPhone asiye na Mac aanze na Android iliyotumika au na kivinjari.

Kivinjari ndiyo njia ninayoipenda kwa gemu ndogo: unaipandisha itch.io, tovuti ya kuwekea gemu, unatuma kiungo kwenye kundi la WhatsApp, watu wanagusa na kucheza bila kusakinisha chochote. Na hapa tofauti za injini zinarudi kwa nguvu. Defold hutoa faili dogo kuliko wenzake, megabaiti chache tu, na inafunguka hata kwenye mtandao wa kusuasua. Godot ilisumbua kwa muda kwa sababu matoleo ya mwanzo ya 4 yalidai nyuzi nyingi za prosesa na mipangilio maalumu ya seva, tangu 4.3 inaweza kutoka kwa uzi mmoja na iPhone nazo zinaifungua, ingawa faili lake ni zito zaidi. Unity ilianza kuunga mkono rasmi vivinjari vya simu kwenye Unity 6. Kwa injini yoyote ile, weka kitufe kikubwa cha "Gusa uanze" mwanzoni, kwa sababu vivinjari havitoi sauti mpaka mchezaji aguse kioo, na ukikosa kitufe hicho, watu wataicheza gemu yako kimya kimya wakidhani hukuweka muziki.